Shangazi na Mji wa Chini ya Lualaba

Shangazi hakuvuka Lualaba hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotuchekesha zaidi sisi watoto wa kaka yake. Mji mzima uliokuwa chini ya mto ule yeye aliujua: masoko yake, vichochoro vyake, mbwa wake wenye magamba. Lakini akifika ukingoni, anashika kikwembe alichojifunga kwa mikono miwili na mtumbwi haupandi. "Mi siendi," anasema. "Ule muti uliotobolewa tumbo, njo munaita chombo?" Wapiga kasia walimzoea. Wakimwona tu wanamwita, "Mama, njoo leo tukuvushe bure!" naye anawarudishia maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha anakwenda zake kutawadha.

Alizaliwa wapi na kwa mama yupi, sijui vizuri. Kwangu mimi alianza akiwa tayari mtu mzima, ameketi uani kwetu Kasongo, miguu imenyooshwa juu ya mkeka na rundo la pamba mbele yake. Alikuwa ameachika Kabambare, akarudi kwa kaka yake, yaani baba yangu, na mtoto mmoja wa kiume na sufuria mbili. Ndivyo nilivyoambiwa, na nyumbani kwetu mtoto aliyeuliza zaidi ya alivyoambiwa alipewa kazi.

Pamba ile haikuwa ya kupenda. Siku zile kila nyumba ililazimishwa kulima, ukiwa Mwislamu wa mjini au Mkristo wa shambani, na aliyekataa alimjua Bula Matari, maana ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji. Pamba ikishavunwa inaanikwa, halafu inachambuliwa: nyeupe huku, yenye doa huku, majani makavu nje. Kazi hiyo inachosha shingo kuliko jembe. Tena inataka macho, na macho yanataka mwanga, kwa hiyo hadisi yetu ilikuwa ya alasiri. Nyumba nyingine walisimuliana kando ya moto baada ya chakula. Sisi moto ulipowashwa tulikuwa tumekwisha sikia ya siku ile, na tunaanza kugombana juu yake.

"Macho kwa pamba, masikio kwangu," Shangazi anasema, na anaanza.

Mkeka mmoja wa pamba ulikuwa kipande kimoja cha hadisi. Mkeka ukiisha, amekata hapo hapo, hata kama Sikujua, msichana wa hadisi yake, ananing'inia kwa kidole kimoja. Tulijaribu kuchambua polepole ili kipande kirefuke, akatugundua, akafupisha. Tulijaribu kuomba, akasema ombeni kwa Mungu, mimi nimechoka. Na siku pamba yetu ilipopelekwa sokoni kupimwa, hadisi ililala mpaka kiangazi kingine. Miezi yote ya mvua tulikaa na kiu yake. Nadhani sisi tulikuwa watoto pekee katika Maniema nzima tulioililia pamba iote upesi.

Huyo Sikujua alikuwa binti wa rika letu, aliyeshuka mtoni kutafuta mchi wa mama yake ulioanguka majini. Ndugu yangu mkubwa, mtu wa ubishi tangu tumboni, akasema, "Shangazi, muchi unaelea." Shangazi hakuinua hata macho. "Wa kwenu njo unaelea," akasema, na tukaendelea. Basi Sikujua akafika Mji wa Chini. Kule nyumba zina mlango juu ya paa, kwa sababu watu wanaingia kwa kushuka. Moshi hauendi juu, unaanguka chini na watoto wanaufagia asubuhi. Samaki wanabweka malangoni. Mtawala ni Sultani Asiyesinzia, ambaye kope zake alimpa mkewe zamani kama mahari na hakurudishiwa. Na maji ya kule ni matamu, matamu kuliko asali, lakini anayeyanywa anasahau njia ya kurudi. Kila mwaka Sikujua alishuka kwa sababu mpya, na kila mwaka, mkeka wa mwisho, alitoka majini bila kunywa hata tone. Mama yake anamuuliza mlangoni, "Umevuka?" Naye anajibu, na hapo sisi wote tunapiga kelele pamoja naye mpaka majirani wanachungulia: "Nimevuka, miguu mikavu!"

Ajabu ni kwamba Shangazi huyo huyo alichukia uongo kuliko kitu chochote. Ukisema umeteka maji na hukuteka, anakufinya sikio mpaka unasikia filimbi. Ndugu yangu alimkamata hapo siku moja. "Shangazi, na samaki wanaobweka, ule si uongo?" Akamtazama kwa huruma. "Ulishafika kule?" "Hapana." "Basi nyamaza. Mi nakatala uongo wa vitu tunaviona." Na alikuwa hivyo katika kila jambo, nusu huku na nusu kule. Chumvi aliipima kwa kucha, lakini kuku mzima alimpa mpita njia asiyemjua. Hakukosa swala, na hakukosa tusi. Alimwogopa mjusi, kapita hakumwogopa.

Kapita alikuwa msimamizi wa pamba, mmoja wetu sisi weusi hawa hawa, lakini kofia ilikuwa imemwingia kichwani. Alitembea na fimbo na watu walimpisha njia. Mwaka mmoja Shangazi alikuwa anasimulia jinsi Sultani Asiyesinzia alivyowaamuru watu wake wavune povu la mto na kulipeleka kwenye mizani. Povu linayeyuka njiani, wakifika mizani inasema hakuna kitu, wanapigwa, wanarudi kuvuna tena. Tunacheka, mara tunaona fimbo imesimama penye ua.

"Sultani huyo ni nani?" kapita akauliza.

"Wa chini," Shangazi akasema.

"Chini wapi?"

"Chini ya maji. Enda umufunge."

Jamani! Watu walikuwa wamechapwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Mama yangu alishatoka jikoni na mwiko mkononi, mdomo wazi. Kapita akasimama, akasimama, akakuna shavu. Halafu akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Na ile povu ikiyeyuka, wanafanya namna gani?"

"Shika pamba," Shangazi akamwambia. "Hapa hakuna kusikiliza na mikono mitupu."

Wallahi, aliketi. Aliweka fimbo chini akachambua pamba na sisi mpaka jua likaingia, na kesho yake akarudi, ati kukagua. Alikuja kukagua msimu mzima. Tena alichambua vibaya sana, Shangazi alilazimika kurudia kazi yake yote.

Lakini si hadisi yenyewe ninayotaka kusimulia, ni jinsi ilivyotoka kwenye mkeka ikaingia katika nyumba zetu. Hakuna aliyekaa akaamua. Tulikua tu tukikuta mambo yako hivyo. Mtu wa kwetu akirudi safarini, hata kama ametoka sokoni hapo karibu, anaulizwa mlangoni kama amevuka, na asipojibu kwamba miguu yake ni mikavu haingii. Asubuhi ya Idi, kabla ya kupiga hodi kwa ndugu, tulirusha kijiwe kidogo juu ya paa, tukibisha mlango wa juu kama watu wa Mji wa Chini. Na mtu akisafiri mbali, kikombe chake cha bati kinapinduliwa juu ya rafu, mdomo chini, na hakuna anayekigusa mpaka arudi. Mama yake Sikujua ndivyo alivyofanya: kikombe kikiwa kikavu nyumbani, aliyeko mbali hatashawishika kunywa maji ya kule.

Kuna mwaka ndugu yangu mkubwa alikwenda Wamaza kuuza chumvi. Akaja mgeni wa baba, mzee wa heshima kutoka Kabambare, amechoka na njia. Akaona kikombe juu ya rafu, akakipindua, akajichotea maji mtungini, akanywa mpaka mwisho na kusema alhamdulillah. Shangazi alipiga ukelele mmoja, mzee wa watu akadhani amekunywa sumu, akaanza kutapika uani. Baba yangu, aliyekuwa akijifanya hajali mambo ya wanawake na mikeka yao, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa baiskeli. Mtu akatumwa mpaka Wamaza, njia yote ile ya vumbi, kuangalia kama kijana ni mzima. Alimkuta amekaa kwa watu, anakula mihogo na samaki, mzima kama jiwe. "Imekuwa nini?" "Mutu alikunywa kwa kikombe yako." Na badala ya kucheka, ndugu yangu yule mbishi aliacha mihogo, akafunga mzigo, akarudi nyumbani siku ile ile.

Mimi niliolewa na mtu wa reli, nikahamia Kindu. Mume wangu si wa huku, na mwanzoni alidhani ameoa kwenye ukoo wa wendawazimu. Alinikuta nimepindua kikombe chake siku aliyokwenda kazini kwa zamu ya mbali, akaniuliza kama nimemfukuza. Nyumba za reli zilikuwa na mapaa ya bati. Idi ya kwanza watoto wangu walipopata akili, waliamka mapema wakabisha kwa mawe kwenye paa la jirani, na jirani yule alikuwa Mkristo, Idi haimhusu, tena alikuwa amelala baada ya zamu. Alitoka na chupi na panga. Ilibidi nimweleze hadisi tangu mwanzo, mchi na yote. Mwaka uliofuata watoto wake ndio waliowaamsha wa kwangu.

Watoto wangu hawakumjua Shangazi. Walijua tu kwamba kuna bibi Kasongo ambaye hadisi ni yake, na kwamba mama yao anaisimulia vibaya. Hilo la pili mimi ndiye niliyewaambia, na ni kweli. Kindu hatukuwa na pamba. Niliwasimulia nikichagua mchele, na mchele unaisha upesi.

Sasa nifike kwa Ramazani, nimezunguka vya kutosha.

Ramazani ndiye mtoto wake wa pekee, yule aliyerudi naye kutoka Kabambare. Mpole, mrefu, anacheka na mabega. Mkekani alikaa karibu na mama yake na kumchambulia upande wake pia, kwa sababu mama akifika penye utamu wa hadisi mikono ilikuwa inasimama. Wakaja watu wa kuandika vijana kwa kazi ya shimo kule Katanga, kuchimba mawe. Baba alikataa. Shangazi alikataa. Ramazani akaandikwa. Alisema miaka mitatu, atarudi na baiskeli na cherehani ya mama yake. Shangazi akachukua kikombe chake, akakiosha, akakikausha kwa kikwembe alichovaa, akakipindua.

Mtu wa Lusangi aliyekuwa shimo moja naye ndiye aliyeleta habari. Alikuja mchana, akamwita baba pembeni, akamwambia udongo uliwaangukia, Ramazani hakutoka akiwa hai, wenzake wamemzika kule kule. Alikuwa ameleta shati lake. Baba akamwita dada yake akamwambia yote, hakumficha. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimekuja kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Shangazi alisikiliza, akalipokea shati, akamwandalia yule mtu chakula. Akamuuliza, "Ulitembea vema?" Basi.

Hitma ilisomwa. Alipika wali mwenyewe, aliwakaribisha wasomaji, aliitikia pole za watu kwa adabu, kama mtu aliyekuja kusaidia msiba wa jirani. Lakini kikombe cha Ramazani hakukigeuza mdomo juu, na machozi hayakumtoka. Siku tatu zilipoisha baba alimkabili. Nilimsikia kutoka chumbani.

"Dada, hadisi ni hadisi. Kufa ni kufa. Geuza kikombe ya mutoto, ulie, upumuzike."

"Wewe ulikuwa hapo?" akamuuliza.

"Wapi?"

"Kule. Chini."

Baba hakumwambia tena. Kiangazi kilipofika Shangazi aliketi mbele ya pamba kama kawaida, na Sikujua akashuka, na Sikujua akarudi, miguu mikavu. Watu wa mtaani walisema ameguswa akili. Hakuwa ameguswa. Alikuwa anajua bei ya kila kitu sokoni na nani ana mimba ya nani. Ni hilo moja tu, na hilo moja hakuna aliyethubutu kulishika.

Halafu nyumba ikapungua watu. Ndugu yangu mbishi akahamia Kabambare na mkewe. Mwingine akaingia jeshini, akapelekwa mbali. Mdogo wangu wa kike akaolewa Kongolo. Baba akafa, na mama hakukaa sana baada yake. Kila aliyeondoka, Shangazi alipindua kikombe chake, na mimi nikija kuwasalimu, baada ya miaka na miaka, nilikuta rafu imejaa vikombe vilivyoinama na yeye mwenyewe anakunywa kwa kibuyu. Alinipa changu, nakunywa, nakaa siku chache, naondoka. Nikiwa njiani nilikuwa nikiwaza anamsimulia nani sasa. Moyo ulikuwa unaniuma, nasema kweli, lakini nilikuwa na watoto wanne na mume wa zamu, na Kindu si hapo.

Mara ya mwisho nilikwenda mwaka ule ambapo watu walikuwa wameanza kusema waziwazi kwamba Wabelgiji wataondoka. Niliambiwa Shangazi haonekani tena sokoni. Nilipanda treni, nikavuka mto, nikapata lori la mchele mpaka mjini. Njiani niliona mashamba ya pamba yamemezwa na majani. Watu waliacha tu kulima, na kapita hakuwa na nguvu ya kumfuata mtu.

Ilikuwa alasiri. Nilimkuta uani, pale pale, miguu imenyooshwa. Alikuwa amekuwa mdogo, mabega yamechongoka. Hakukuwa na pamba, alikuwa anamenya karanga. Nilimsalimia, nikapiga magoti, akanishika uso na vidole vyenye vumbi la maganda, akauliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, hata yule ambaye nilidhani hajui amezaliwa.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, Shangazi."

"Ni vema. Shika karanga."

Nikashika. Tukamenya. Halafu, bila kuniambia macho wapi na masikio wapi, akaanza.

"Sikujua akashuka."

Nilifurahi kama mtoto, siwezi kusema uongo. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, na nilikunja miguu mkekani kama zamani. Aliisimulia polepole. Sikujua alipita sokoni, samaki wakambwekea, akapita nyumba ya Sultani. Safari hii alikwenda mbali kuliko miaka yote, mpaka mahali ambapo watu wanafanya kazi wameinama na hawaonani nyuso. Akachoka. Mtu mmoja akamletea maji.

"Akakunywa," Shangazi akasema.

Niliinua kichwa. "Hapana, Shangazi. Hakunywa."

"Alikunywa."

"Hakunywa! Kila mwaka hakunywa. Hata watoto yangu wanajua."

"Alikuwa na kiu, mama," akaniambia kwa upole sana, akimenya. "Mule shimoni iko joto. Hakuna upepo. Wewe ungefanya nini?"

Nilisikia neno lile, shimoni, na karanga zikabaki mkononi mwangu. Nikamtazama. Yeye hakunitazama.

"Akakunywa, akalala. Wenzake wakamufunika vema. Walikuwa watu wazuri, mumoja wao akabeba shati yake, akatembea nayo mpaka kwa mama yake. Kule hakuna kazi tena. Iko anapumuzika. Harudi."

"Na mama yake?" nikauliza. "Mama yake alijua lini?"

"Siku ile ile. Ile shati njo alishona yeye mwenyewe."

"Sasa kwa nini hakusema? Miaka yote hii, kwa nini hakulia?"

Akapukuta maganda mapajani, pole pole, akawa kama mtu anayefikiri swali hilo kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa anawangoja wamalize kumuambia pole," akasema. "Watu walikuwa wengi, kila mutu iko anasema. Akasema, nitalia kesho, na watu wa nyumba yangu tu. Kesho yake wewe ukarudi Kindu. Mwingine akaenda. Mwingine akaenda. Kaka yangu akakufa." Mikono yake ikasimama. "Mutu hawezi kulia mutoto wake peke yake, mama. Inakatala."

Jua lilikuwa bado juu. Nilisukuma karanga kando, nikamsogelea mpaka bega langu likagusa la kwake, na siku ile, pale mkekani, tukamlia Ramazani.